Farasi kijana na mpandaji anayerudi: wiki sita za kuanza chini

Mtu aliyepanda farasi ujanani, akaacha miaka kumi au ishirini, akirudi hukuta mwili umegawanyika. Nyonga zinakumbuka kufuata mgongo wa mnyama, visigino vinashuka vyenyewe, lakini mikono imesahau. Miaka yote hiyo imeshika usukani na simu, vitu visivyoumia ukivibana. Juu ya farasi mzee wa kufundishia madhara si makubwa, maana ameshabeba watu wa kila aina na anajua kuupuuza mkono mzito. Farasi wa miaka mitatu au minne hapuuzi kitu. Kila unachomfanyia, hata usichokusudia, kwake ni somo.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayerudi hapa Dar na kukabidhiwa farasi kijana ni huu: wiki sita za mwanzo mfanye kazi ukiwa chini, kwa miguu yako. Kinachomfanya farasi akuamini kuliko karoti na kuliko kupapaswa ni wakati wa kuachia. Unabana kidogo, anajibu, mbano unakoma papo hapo. Mkono unaochelewa kuachia utajirekebisha vizuri zaidi ukiwa umeshika kamba kuliko ukiwa umeshika hatamu zilizounganishwa na chuma kilichomo mdomoni mwake.

Wengi wetu neno hatamu tulilipata kwenye siasa, chama kushika hatamu, kabla hatujamkaribia farasi hata mara moja. Si ajabu. Mnyama huyu aliingia pwani kwa njia ya bahari, na huko bara mbung'o na nagana, ugonjwa wanaoueneza, havikumpa nafasi ya kuenea kama ng'ombe na mbuzi. Ndiyo maana mitaani kwetu kuna wazee chungu nzima wa kuulizwa habari za ng'ombe, na wa farasi ni wa kutafuta.

Anza na umri, na usikubali maneno matupu. Mfunue mdomo kwa mbele. Meno ya utotoni hung'oka kwa jozi: ya katikati akiwa na kama miaka miwili na nusu, yanayofuata mitatu na nusu, ya pembeni minne na nusu, na mdomo hukamilika akifika mitano. Hii ni habari ya kazi ya kila siku, si ya siku ya kununua tu. Farasi wa miaka mitatu na nusu anayerusha kichwa ukimvisha hatamu huenda ana jino linalolegea, au kile kijino kidogo kinachoota mbele ya magego, pale pale lijamu, kile chuma cha mdomoni, inapokaa. Ukimkaripia kwa maumivu, imani uliyoijenga mwezi mzima inakwenda kwa asubuhi moja. Mwite daktari wa mifugo anayejua farasi atazame mdomo kabla hujaweka chuma chochote humo. Mifupa nayo ina ratiba yake. Sehemu zinazokua karibu na goti la mbele hufunga kwenye miaka miwili na nusu, lakini za uti wa mgongo huchelewa mpaka mitano na nusu au sita. Mgongo ndio unaokubeba wewe, na ndio wa mwisho kukomaa.

Mtu wa kukaa naye kabla ya yote ni saisi. Yeye ndiye anayelisha, anayezoa kinyesi, anayejua jana usiku farasi alilala au alizunguka. Kama "simama" yako ina maana ya kusimama na yake ina maana ya tulia nikupige brashi, farasi atashindwa kuwaelewa nyote wawili. Muulize kwa heshima, "Kaka, wewe ukitaka arudi nyuma unamwambiaje?" Kisha chagueni maneno manne na myashike hivyo hivyo: twende, simama, rudi, tulia. Sauti ina kazi kuliko neno lenyewe. Fupi na ya kupanda humwamsha, ndefu na ya kushuka humtuliza, kwa hiyo "twende" likatwe na "simaaama" livutwe. "Pole pole" nalifuta kabisa kwenye orodha, kwa sababu watu hulitumia kwa kila kitu, mpaka kwake linabaki kelele tu.

Wiki ya kwanza haina kazi. Ingia bandani saa kumi na mbili asubuhi, dakika ishirini, na jioni dakika ishirini nyingine. Msogelee kwa mshazari ukielekea bega la kushoto, kwa maana mbele kabisa ya paji la uso na nyuma kabisa ya mkia hakuoni. Macho yake yako pembeni, yanashika karibu duara zima isipokuwa sehemu hizo mbili. Mwache anuse mgongo wa mkono wako, umguse begani, usoni baadaye. Halafu ondoka kwanza wewe. Mara akishusha kichwa, akilamba midomo, akipumua kwa kishindo laini puani au akipumzisha mguu mmoja wa nyuma, rudi hatua mbili na uangalie pembeni. Huko ndiko kuachia kwa mwanzo kabisa, bila kamba. Anayebaki amesimama akipapasa kwa furaha yake mwenyewe mpaka farasi ndiye aondoke, amemfundisha kuwa njia ya kupata nafasi ni kukimbia. Dalili za kinyume ni midomo iliyokazwa, mikunjo ya pembe tatu juu ya jicho, mkia uliobanwa na pumzi iliyosimama. Ukiziona, umesogea mno.

Ukishakubaliwa, pahali pa kumkuna ni pale shingo inapoungana na mgongo, juu ya mabega. Farasi hukunana wao kwa wao hapo hapo. Mwaka 1993 Claudia Feh na Jeanne de Mazières walichapisha utafiti wao ulioonyesha kuwa mapigo ya moyo hushuka farasi akikunwa sehemu hiyo, wala hayashuki vivyo hivyo akikunwa sehemu nyingine ya kulinganishia. Kuna kwa ncha za vidole, kwa nguvu kiasi, si kumpigapiga shingoni kama mtu anayepongeza mpira. Ukiupata mkuno wake, mdomo wa juu hurefuka na kuchezacheza. Baadhi hugeuka wakitaka kukukuna nawe kwa meno. Mrudishe kichwa mbele kwa kiganja, bila kofi, na uendelee.

Zawadi mkononi sizipendelei kwa farasi kijana. Siku ya tatu anapekua mifuko, ya kumi anang'ata. Karoti au kipande cha muwa kiwekwe ndooni baada ya kazi, na karoti ikatwe kwa urefu, maana vipande vya duara vinaweza kumkaba. Tukiwa kwenye chakula: pumba ya mahindi yenye ukungu isiingie bandani hata kidogo, kwa sababu sumu ya ukungu huo huharibu ubongo wa farasi. Chakula cha kuku pia kikae mbali. Baadhi yake huchanganywa dawa za kuzuia kuhara damu ambazo kuku hazimsumbui, farasi zinamuua.

Wiki ya pili na ya tatu ni za kamba. Vifaa ni hatamu ya kichwani isiyo na lijamu, kamba ya mita tatu na nusu hadi nne, glavu, viatu vilivyofungwa na kofia ngumu ya kupandia hata kama hupandi. Kofia ya bodaboda haifai, ni nzito na haikutengenezwa kwa anguko la namna hii. Kamba usiizungushe mkononi. Ikunje kwa mikunjo mirefu kama namba nane na uishike katikati, ili akivuta ipite bila kukata kidole.

Zoezi la kwanza ni hatua moja ya kurudi nyuma, na hapa ndipo pa kutulia. Simama ukiangalia kifua chake, pembeni kidogo. Sema "rudi", kisha weka mbano mdogo wa kamba puani, uzito wa kushikilia simu kwa vidole viwili. Hesabu mpaka tatu. Hakuna jibu, ongeza kidogo. Sasa usiangalie kwato, angalia msuli ulio juu ya mguu wa mbele, kwenye pembe ya kifua. Kabla kwato haijanyanyuka, msuli huo hulegea upande mmoja na uzito wote husogea nyuma, kama sentimeta mbili, bila hatua yoyote. Hapo ndipo pa kuachia. Si kwato ikinyanyuka, si ikitua. Acha kamba ining'inie, subiri sekunde tano mpaka alambe midomo, uombe tena. Farasi huunganisha kuachiwa na kile alichokuwa akikifanya nukta hiyo hiyo. Ukichelewa sekunde moja, huenda tayari ameshainua kichwa, na umemfundisha kuinua kichwa. Ukiacha wakati anakuvuta, umemfundisha kuvuta. Hatua tatu nne nzuri zinatosha kwa siku. Dakika kumi na tano za kazi ya namna hii ni nyingi kwa akili ya farasi wa miaka mitatu.

Kunyanyua miguu kuna kanuni ile ile. Shusha kiganja kutoka begani, nyuma ya mguu, mpaka juu ya kifundo, ubane taratibu. Akinyanyua, shika kwa sekunde mbili na uteremshe wewe kabla hajaupokonya. Kesho sekunde tano, keshokutwa kumi. Akipokonya, kosa mara nyingi ni lako: alikuwa amesimama vibaya na miguu mitatu iliyobaki haikuweza kumhimili. Msogeze hatua moja asimame sawasawa, urudie.

Mkono wako unahitaji mazoezi yake pembeni. Mwombe saisi au rafiki ashike ncha moja ya kamba akiwa amefumba macho, wewe ushike nyingine. Bana, na umwambie ataje "sasa" kila anapohisi umeachia. Mtashangaa ni mara ngapi unadhani umeachia na bado vidole vimebana. Dakika kumi za hivyo, mara mbili kwa wiki. Na katika wiki hizo hizo tafuta farasi mzee upandishwe kwa kamba ya kuzungushia, bila rikabu (vikanyagio vya miguu), mara nane hadi kumi. Anayerudi hubana kwa magoti na kuzuia pumzi bila kujijua; yule mzee atavumilia, huyu kijana atasoma kuwa kuna simba karibu.

Kuanzia wiki ya nne mtoe nje akiongozwa. Vya kumtisha Dar havihesabiki: bodaboda, bajaji, turubai linalopigwa na upepo, salfeti tupu barabarani, kunguru wanaoruka ghafla kwenye mwembe. Usimvute kuelekea kitu anachokiogopa. Tafuta umbali ambao anakitazama lakini bado anapumua na masikio yanacheza. Kaa hapo hapo. Akishusha kichwa, mgeuze muondoke. Kuondoka ndiyo malipo. Kwa bodaboda mwombe kijana unayemfahamu asaidie. Siku ya kwanza pikipiki imezimwa na farasi anainusa. Siku ya pili injini inanguruma taratibu mita thelathini mbele. Siku ya tatu pikipiki iende polepole mbele na farasi aifuate kwa nyuma. Mnyama anayefuata kitu kinachomkimbia huanza kujiona yeye ndiye anayekifukuza, na hofu hubadilika kuwa udadisi. Kosa la kawaida ni kuanza na pikipiki inayomjia, au kumbana kamba fupi chini ya kidevu. Akinyimwa kabisa nafasi ya kugeuza kichwa kuangalia, anachobakiwa nacho ni kuruka.

Saa za kazi katika jiji hili zinaamuliwa na joto na wadudu. Kuanzia Desemba hadi Machi unyevu hauruhusu jasho kukauka, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Maliza kazi kabla ya saa moja na nusu asubuhi. Farasi aliyetulia hupumua mara 8 hadi 16 kwa dakika, moyo hupiga mara 28 hadi 44, na joto lake ni nyuzi 37.5 hadi 38.5. Jifunze kuyapima haya akiwa mzima, ujue ya kwake. Akitoka kazini ana joto, mmwagie maji baridi mwili mzima mfululizo, bila kuacha, mpaka pumzi ishuke. Ngozi kavu huku anahema kwa kasi ni hatari: wapo farasi ambao kwenye hali ya hewa kama yetu huacha kutoa jasho. Huyo hana ukaidi, anaiva kwa ndani. Mpoze na umwite daktari. Jioni, awe ndani kabla jua halijazama, na asitolewe mpaka jua limeshachomoza. Visubi wanaoeneza ugonjwa wa farasi wa Afrika huuma zaidi usiku, hasa wakati na baada ya masika, na chanjo peke yake usiitegemee. Kwa hiyo miadi yenu ya jioni ni saa kumi na moja, si saa moja ukitoka kwenye foleni.

Jambo jingine la pwani ni mchanga. Akila majani chini, anameza mchanga, nao hutuama tumboni. Farasi anayekunja masikio ukimpiga brashi chini ya tumbo au ukigusa mshipi wa tandiko wengi humwita mkorofi, kumbe huenda mchanga unamkwaruza utumbo. Okota madonge matano au sita ya kinyesi kutoka juu ya rundo, yasiyogusa ardhi, uyaweke kwenye chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, ujaze maji, uvuruge, uache robo saa. Mchanga ukituama chini kama kijiko cha chai au zaidi, ongea na daktari, na umlishie juu ya mkeka wa mpira.

Ufukweni, iwe Kunduchi, Mbezi au Kigamboni, angalia maji kabla ya kuangalia saa yako. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, hapa maji hujaa karibu na saa kumi alfajiri na kupwa karibu na saa nne, kwa hiyo saa kumi na mbili ufukwe bado ni mwembamba na mchanga uliobaki ni ule mkavu unaozama. Huo hukaza kano za miguu. Dakika kumi zinatosha. Siku tatu hivi kabla ya bamvua maji hupwa mapema zaidi, karibu saa mbili, na mchanga mgumu wenye unyevu hupatikana asubuhi. Ila kwa kumwonyesha bahari mara ya kwanza, chagua maji mafu, siku ambazo kujaa na kupwa havipishani sana, asubuhi na mapema kabla kusi halijaamka. Povu linalorudi nyuma chini ya miguu humpa kizunguzungu, anadhani ardhi inakwenda. Awe na farasi mzee upande wa baharini, yeye atembee upande wa nchi kavu, muwe mnaambaa na maji, msiyaelekee.

Wiki ya sita ikiisha, kama anarudi nyuma kwa neno tu na anasimama kamba ikiwa imelegea, panda. Kwa farasi kijana mimi nashika asilimia 15 ya uzito wake, wewe na tandiko pamoja: farasi wa kilo 400 ni kilo 60. Ukizidi hapo, endelea kumfundisha chini na umtafute mwepesi wa kumpanda, uhusiano wenu hautapungua. Jenga kipandio imara cha mbao, sentimeta 50 hadi 60. Kreti la soda hupinduka. Siku mbili za kwanza simama tu juu ya kipandio, umkune mabega kutoka huko juu, kwa sababu mtu mrefu ghafla ni mnyama mwingine kwake. Siku inayofuata laza kifua mgongoni kwa sekunde tano, ushuke. Kisha upande wa pili. Mshipi wa tandiko kaza kwa awamu tatu, mkitembea hatua kadhaa kila baada ya awamu. Saisi ashike kamba. Dakika kumi, mwendo wa hatua peke yake, siku tatu kwa wiki. Troti, yaani mchakamchaka, isubiri. Akisimama kwa miguu ya nyuma hata mara moja, shuka na umwite mkufunzi. Hilo halitatuliwi na aliyerudi juzi.

Ukishuka, legeza mshipi matundu mawili kwanza, kisha toa tandiko na uangalie jasho lilivyokaa mgongoni kabla hujamwaga maji. Linatakiwa kuwa sawa pande zote za uti. Doa kavu la ukubwa wa kiganja katikati ya sehemu yenye maji mara nyingi maana yake tandiko limebana hapo mpaka tezi za jasho zikaacha kazi. Farasi wa umri huu hubadilika umbo kila baada ya miezi miwili mitatu, na tandiko lililomkaa Januari linaweza kumuumiza Machi. Ukiliona doa hilo, kesho toka naye kwa kamba, tandiko libaki stoo mpaka likarekebishwe.